Mkono wa Mpika Sabuni

Kope zilianza kumwasha msimu ule karakana ya ushonaji ilipopokea kazi ya suti za bendi nzima ya tarumbeta. Kila suti ilitaka matundu ya vifungo yaliyoshonwa kwa mkono, na matundu ya mkono katika karakana ile yalikuwa na mtu mmoja tu. Wengine walikata vitambaa, wengine walikanyaga cherehani, lakini tundu la kifungo, lile linalokaa kifuani pale macho ya watu yanapotua kwanza, lilikuwa lake. Ndiyo maana walimwita Mama Tundu, ingawa mtoto hakujaliwa, na mume alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Si kazi ya kufanya ukiwaza mengine. Unapasua kitambaa kwa patasi ndogo, mara moja, huna ruhusa ya kurudia. Unalaza uzi mnene ukingoni, halafu unauzungushia mshono wa uzi mwembamba uliopitishwa kwenye nta, fundo linalala kando ya fundo kama shanga. Fundo moja likipanda juu ya jingine, hata mtu asiyejua kushona ataona kuna kitu hakijakaa. Na koti limeshapasuliwa. Hakuna wa kumlilia.

Kwa hiyo alipoanza kujikuna, alijikuna kwa siri. Kingo za kope zilivimba zikawa nyekundu kama mtu aliyetoka kulia msibani. Asubuhi macho yalinata, sharti ayalowanishe kwa maji ya uvuguvugu ndipo yafunguke. Kwenye mashina ya nywele za kope kulikuwa na ukoko mweupe, kama mba, na nywele zenyewe zilimdondokea moja moja juu ya kitambaa cheusi. Alizipuliza, akaendelea na kazi.

Tepu, mwenye karakana, aliyeitwa hivyo kwa kuwa tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda kulala, alimwona.

"Mama Tundu, unalia?"

"Vumbi tu."

"Vumbi gani la wiki nzima? Nenda kaangaliwe. Mimi nina makoti hapa, sina macho ya akiba."

Akaenda. Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimng'oa unywele mmoja wa kope, akauweka chini ya hadubini, akainama, akanyanyuka.

"Mama, una utitiri."

"Utitiri wa kuku? Daktari, mimi sifugi hata njiwa."

Daktari akacheka kidogo. "Huu si wa kuku. Huu ni wetu sisi binadamu. Ni wadudu wadogo, macho hayawaoni, wanakaa kwenye mashina ya nywele za kope. Watu wengi wanao na hawajui. Wako wamezaliana kupita kiasi, ndiyo maana kope zimeumuka."

Akampa kichupa. Ndani mlikuwa na mafuta ya majani ya mti unaoitwa mti wa chai, si chai ya kunywa, mafuta makali yenye harufu ya kupanda kichwani. Yalikuwa yamepunguzwa ukali kwa mafuta ya nazi. Ayapake kwa pamba ukingoni mwa kope, jicho limefumbwa, asubuhi na jioni. "Yatawasha kidogo. Yasiingie ndani ya jicho. Na usiache katikati, hawa ni wabishi."

Kosa lake la kwanza lilikuwa kusema ukweli. Alimnong'oneza mwanamke mkata nguo aliyekaa naye benchi moja, na kabla ya chakula cha mchana karakana nzima ilikuwa inajua.

"Mama Tundu, usinitazame hivyo, watanirukia!" mkata nguo alipiga kelele, akajifunika uso kwa mfuko wa suruali aliokuwa anaukata. Watu wakavunjika mbavu. Naye akacheka, maana usipocheka utaonekana umeumia. Lakini kesho yake aliona kila mshonaji amekuja na kipande chake cha nta. Miaka yote walikuwa wakipitisha nyuzi zao kwenye donge moja lililokaa katikati ya meza. Sasa lile donge lilikuwa mbele yake, peke yake nalo.

Hata hivyo mafuta yalimsaidia. Mwasho ulipungua, ukoko ukaanza kubanduka. Alimshukuru Mungu kila alipoinuka kwenye sala. Kichupa kilipokwisha alirudi hospitali, na kwenye dirisha la dawa akaambiwa hakuna, na haijulikani vitaletwa lini. Daktari alimfuata mpaka kwenye korido, akamwambia kama atapata mafuta halisi anaweza kuchanganya nyumbani: matone machache tu ndani ya kijiko kizima cha mafuta ya nazi, yapimwe kwa kichupa cha kudondoshea. "Matone, mama. Usimimine."

Aliyarudia maneno yale njia nzima asije akayasahau.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, mwanamke mpika sabuni, aliyehamia kwake kumliwaza baada ya mazishi ya shemeji yake, akaliwaza mpaka akasahau kuondoka. Mtaa mzima ulimwita Povu. Wengine walisema ni kwa ajili ya sabuni, wengine kwa ajili ya mdomo wake, maana haukumkauka. Alipikia kwenye kibaraza cha nyuma: madumu ya mafuta, ndoo ya kostiki, yaani magadi makali ya kupikia sabuni, mfuniko wake umefungwa kwa kamba, na fremu za mbao alimomiminia sabuni igande. Ukimsikia akicheka na wateja wake ungedhani nyumba ile haijawahi kufiwa.

"Kumbe ndiyo hayo tu?" Povu alisema aliposikia. "Dada, mbona hukusema? Mafuta hayo ninayo chupa nzima. Si ndiyo ninayoweka kwenye sabuni ya chunusi!"

"Daktari amesema matone. Yapimwe."

"Matone!" Povu akashika kiuno. "Mimi nipime matone, kama mtoto wa chekechea? Mkono huu umechanganya mafuta mpaka umeota kumbukumbu. Kaa hapo."

Na hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mtu atadhani Povu alikuwa mzembe, naye hakuwa. Katika sabuni, kostiki ndiyo mlafi. Ukitia mafuta ya harufu kwa kiasi unachokitaka, kostiki inayala, na sabuni ikikauka inanuka maji matupu. Kwa hiyo mpika sabuni anajifunza kuzidisha. Anatia, ananusa, anatia tena, mpaka pua ikubali, kisha anaongeza kidogo kwa ajili ya kile kitakacholiwa. Povu alifanya hivyo miaka mingi na sabuni yake ilisifiwa. Isitoshe, pua yenyewe ilikuwa imeshachoka kwa mvuke wa kostiki. Wageni walipiga chafya wakiwa bado barabarani, yeye alikuwa anauliza kama kuna harufu yoyote.

Akamimina mafuta ya nazi bakulini. Akatia yale makali. Akanusa. "Mh. Hayana nguvu haya." Akatia tena. Akanusa, akakunja uso, akatia tena. Kisha akaongeza kidogo.

Mama Tundu alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, akimtazama. Aliona. Moyo ulimwambia sema, na akasema, "Hayajawa mengi?" Povu akamjibu, "Dada, tundu la kifungo ni lako, mafuta ni yangu. Nimewahi kukuingilia kwenye matundu?" Kweli hakuwahi.

Pamba ilipogusa kope, alishika kigoda kwa mikono miwili.

"Inauma."

"Inauma vizuri au inauma vibaya?"

"Sasa kuna kuuma vizuri?"

"Basi ndiyo wanakufa hao. Mdudu hafi kwa kubembelezwa. Jikaze, dada, jikaze kisabuni!" Povu akacheka kwa utani wake mwenyewe, na dada mtu, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, akacheka pia. Daktari alisema yatawasha kidogo. Lakini kidogo cha mtu aliyezika mume na kuuguza wazazi si kidogo cha watu wengine. Alikuwa amezoea kuvumilia kwanza na kuuliza baadaye.

Na mwasho ukaisha. Hilo ndilo lililomponza. Baada ya siku chache tu aliamka kope zimefunguka zenyewe, safi, bila ukoko. Alipiga magoti kando ya kitanda akamshukuru Mungu kwa kumpa mdogo mwenye mkono wa dawa. Alipoanza kuona mwanga wa dirisha unamchoma, alidhani ni uchovu. Alipohisi kama mchanga chini ya kope, alidhani ni maiti za wale wadudu. Alimwambia Povu.

"Mchanga?" Povu akafikiri. "Itakuwa waliobaki wamezoea dawa. Ngoja nitie nguvu kidogo."

Akatia nguvu.

Karakana walikuwa wamebakiza makoti machache ya bendi, likiwemo la kiongozi wao, jeupe, la kitambaa ambacho Tepu alikiagiza kwa maombi na kufunga. Mama Tundu alililaza mezani asubuhi, pale penye mwanga mzuri, akachora alama kwa chaki ya buluu. Aliyaona maandalizi yote kupitia kitu kama mvuke, mvuke ule wa kioo cha bafuni. Akapangusa macho kwa kiganja. Mvuke haukuondoka. Mstari wa chaki ulikuwa mmoja, ukawa miwili, ukarudi ukawa mmoja. Akasubiri uwe mmoja. Akataja jina la Mungu, akaweka patasi, akagonga.

Alijua kabla ya kuinua mkono. Kidole kilipapasa kikakuta mpasuo uko pembeni ya chaki, umeingia kwenye ukosi, mahali ambapo hakuna kifungo kitakachofika milele.

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Alitamani Tepu atukane. Tepu alikuwa hodari wa kutukana, alitukana hata umeme ulipokatika. Lakini siku hiyo alilinyanyua koti, akalitazama, akamtazama na yeye usoni kwa muda.

"Macho yako yamekuwa meupe," alisema taratibu. "Nenda hospitali, mama yangu. Nenda sasa hivi."

Povu aliitwa akaja kumshika mkono. Hospitali daktari alimtia dawa ya rangi machoni, akazima taa, akamwangalia kwa mwanga wa buluu. Alikaa muda mrefu kwenye jicho la kushoto. Kisha akawasha taa.

"Kioo cha jicho kimeungua," alisema. "Macho yote mawili. Hili la kushoto lina kidonda, na kidonda kimeingiwa na vijidudu. Mama, uliweka nini humu?"

"Mafuta uliyoniambia."

"Yale nilisema yapunguzwe. Haya hayakupunguzwa. Nani aliyachanganya?"

Povu alikuwa amekaa nyuma yake, kwenye kiti cha ukutani. Tangu waingie alikuwa anakwangua sakafu kwa kandambili yake, kwaru, kwaru, kama kawaida yake akiwa na wasiwasi. Kandambili ikasimama. Mama Tundu akangoja. Alimpa mdogo wake nafasi ya kutosha, Mungu ni shahidi, nafasi ya mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Mdomo ambao haukukauka miaka yote ulikuwa mkavu.

"Mimi," alisema Mama Tundu. "Nilichanganya mwenyewe."

"Ulipima matone?"

"Nilikisia."

Daktari akashusha pumzi. Hakumgombeza. Labda kama angemgombeza, kule nyuma Povu angetoa neno.

"Kidonda kitapona?" Mama Tundu aliuliza.

"Kidonda tutakitibu, kitapona. Kovu ndilo litabaki. Liko katikati ya kioo, pale pale unapoonea."

"Na matundu je?"

"Matundu gani, mama?"

Akamweleza: ya vifungo, ya makoti, uzi mwembamba, fundo kando ya fundo. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka akaanza kumwelekeza jinsi ya kutia dawa mpya, na Mama Tundu akaelewa kwamba ameshajibiwa.

Njiani Povu alimshika mkono kwa uangalifu mkubwa, akimwonya kila shimo na kila ngazi. Na alizungumza. Alizungumza juu ya fremu moja iliyopasuka, juu ya mteja aliyerudisha sabuni akidai imemchubua, juu ya mawingu. Mama Tundu alikuwa anangoja neno moja tu. Hata lisipokuwa la kuomba radhi, angeambiwa "dada, jamani," angelielewa, angemkumbatia pale pale barabarani na watu watazame. Walifika mlangoni. Povu akasema, "Nyanyua mguu, kizingiti hicho."

Dawa zikatiwa, kidonda kikapona, kovu likabaki. Daktari alisema kweli tupu. Jicho la kushoto likawa kama dirisha lililobandikwa karatasi. La kulia lilimwonyesha watu kwa umbo na milango kwa weusi wake, na sindano halikumwonyesha kabisa.

Alirudi karakana. Tepu, ambaye koti jeupe lilimtia aibu mbele ya bendi nzima, hakulitaja hata siku moja. Alimpa kazi ya kufumua nyuzi za muda, zile zinazoshikilia nguo kabla haijashonwa kabisa, akisema vidole vyako vinaona kuliko macho ya hawa. Mkata nguo alisogeza kigoda chake karibu, akalirudisha donge la nta katikati ya meza, na akawa anamwelekeza, "Kushoto, mpenzi. Hapo. Vuta." Wote walikuwa wema. Wema ule ulimchosha kuliko kejeli za utitiri. Siku alipovuta uzi wa muda na kumbe ni mshono wenyewe, na bega zima la koti likafumuka mikononi mwake, hakungoja wamwambie haidhuru. Aliweka mkasi mezani, akaomba asindikizwe nyumbani.

Akawa anafunga sabuni. Kipande unakikunjia karatasi, unabana ncha, unaweka kwenye boksi. Ni kazi ya mtoto. Aliifanya ndani, nyuma ya pazia, maana mwanga wa kibarazani ulimchoma.

Asubuhi moja alisikia mteja amekuja, mwanamke wa mtaa wa pili, ananunua kwa ajili ya hoteli yake. Wakasalimiana na Povu, wakateta bei kwa kucheka, kisha sauti ya mteja ikashuka.

"Na dada yako? Nasikia macho ndiyo basi tena."

"Acha tu, shoga yangu." Povu alivuta pumzi. "Ubishi. Dada yangu ni mtu wa Mungu lakini mbishi. Alipewa mafuta ya kupunguza, akayatia hivi hivi."

"Wewe si ndiye mtaalamu wa mafuta? Asikuulize?"

"Nilimwambia! Nilisimama pale pale ulipo, nikamwambia, dada, pima matone, jicho si sabuni. Atanisikia mimi? Mimi mdogo, nitamfundisha nini? Mpaka leo silali nikikumbuka. Ningemnyang'anya lile bakuli."

"Usijilaumu, mwaya. Mtu mzima humlazimishi."

"Ndiyo hivyo. Lakini inaniuma."

Mama Tundu aliacha kukunja karatasi. Alikuwa amekaa na watu wengi maishani, waongo na wakweli, na sauti ya mwongo aliijua. Huwa ina haraka. Hii haikuwa na haraka. Ilikuwa na majonzi hasa, ilitetemeka mahali pa kutetemeka. Povu hakuwa anadanganya. Alikuwa amelisema jambo lile kwa watu wengi, au kwa nafsi yake, mpaka likawa ndilo lililotokea. Alikuwa analiona bakuli, na mkono uliokuwa ndani yake ulikuwa wa dada yake.

Akainuka. Alifika mpaka kwenye pazia, akalishika. Kitambaa cha bei rahisi, pindo limeshonwa ovyo, vidole vilimwambia. Upande wa pili ilikuwa hatua moja na sentensi moja. Na baada ya hapo? Mteja angeondoka na habari mpya, Povu angelia au angekana, na kwa vyovyote angefungasha madumu yake. Nani angemwonyesha kizingiti? Ukweli ungekuwa wake, yeye na ukweli wake, ndani ya vyumba viwili asivyoviona. Alimwomba Mungu ampe la kusema. Alingoja kwa adabu, kama alivyongoja siku zote. Hakupewa.

Akaliachia pazia, akarudi kukaa.

Mteja akaondoka. Povu akaingia akinuka kostiki, akanawa mikono kwa muda mrefu, kama daktari.

"Dada, muda wa mafuta."

Maana wale wadudu hawakuwa wamekwisha. Daktari alisema huenda wasiishe kamwe, watakuwa wakipungua na kurudi, na kope lazima zitunzwe hata kama jicho lenyewe halina kazi tena. Sasa kulikuwa na kichupa cha kudondoshea. Povu alikiinua juu ya kijiko, akainamisha, na Mama Tundu akamsikia akihesabu kila tone kwa sauti, polepole, kama mtu anayemfundisha mtu.

Akajilaza. Pamba ikapita kwenye ukingo wa kope, laini, baridi, hata harufu hakuna.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Unaona sasa?" Povu alisema kwa upole, akimfuta kilichochuruzika shavuni. "Ungenisikiliza tangu mwanzo."

Mama Tundu akageuza uso ili apakwe jicho la pili.